Jani Lililoliwa

Kipepeo akifa hudumu. Mchome pini, mfungie kwenye kasha la kioo lenye dawa ya kufukuza wadudu, na hata baada ya miaka 200 mabawa yake bado yatasomeka. Kiwavi hana bahati hiyo. Akifa husinyaa, na rangi zake zote, kijani, samawati, mistari ya manjano, madoa mekundu, hugeuka kahawia moja isiyo na habari. Ukimtia kwenye spiriti umbo hubaki, rangi humtoka. Ndiyo maana makabati ya makumbusho ya dunia yamejaa mabawa, ilhali nusu ya kwanza ya maisha ya wadudu hao, ile ya kula na kukua, kwa karne kadhaa haikuwa na pa kuhifadhiwa ila kwenye karatasi ya mchoraji. Na mara nyingi mchoraji huyo alikuwa mwanamke, amekaa dirishani na kibakuli cha maji, brashi mbili tatu, na sanduku ambalo ndani yake kitu kilikuwa kikitafuna.

Anayetaka kuonja ugumu wa kazi hiyo autazame mlimau wowote wa uani. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, wataalamu humwita Papilio demodocus, ambaye hutaga yai mojamoja, la mviringo, la manjano hafifu, juu ya majani machanga. Kiwavi anayeangua ni wa kahawia iliyokolea na baka jeupe, na ukimtupia jicho la haraka utadhani ni kinyesi cha ndege. Ndege naye hudhani hivyo hivyo, akapita. Mdudu anajivua ngozi, anajivua tena, hata siku moja anatoka wa kijani kama jani lenyewe. Mguse, na nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Baadaye anasusa chakula, anatangatanga, anajifunga kwenye kijiti kwa mshipi wa uzi, na anakuwa pupa, ya kijani au ya kahawia kutegemea mahali alipojifunga.

Mchoraji wa mzunguko wa maisha anawataka hao wote kwenye ukurasa mmoja, na hawezi kuwapata wote siku moja. Alichokichora wiki iliyopita hakipo tena, wala hakijafa, kimegeuka. Kwa hiyo hawezi kurudi kusahihisha. Kosa la mstari wa tatu ubavuni mwa kiwavi wa kijani litasubiri kiwavi mwingine wa kijani, pengine msimu mwingine. Na picha ikikamilika, inaonyesha kitu ambacho hakikuwahi kutokea: yai, kiwavi, pupa na mama mtu wakiwa tawi moja kwa wakati mmoja, kana kwamba wamealikwa. Tumeizoea mno sura hiyo kwenye vitabu vya shule hata hatuoni tena kwamba ni mtu aliyeibuni, kwa makusudi.

Aliyeifikisha sura hiyo mbali kuliko wote waliomtangulia ni Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Frankfurt, 1647. Baba yake, Matthäus Merian, alikuwa mchongaji wa mabamba ya shaba na mchapishaji maarufu, akafa mtoto akiwa na miaka mitatu. Mama akaolewa na Jacob Marrel, mchoraji wa maua, na nyumba ikaendelea kunuka gundi na rangi. Mwaka 1660, akiwa na miaka 13, alianza kufuga viwavi wa hariri kwa majani ya mforosadi, akapanua shughuli kwa kila kiwavi aliyeweza kumpata bustanini na kando ya njia. Hakuacha tena.

Wakati huo wasomi wengi bado waliamini wadudu hutokana na uozo, tope na umande. Majaribio ya Francesco Redi ya kupinga imani hiyo yalichapishwa Italia mwaka 1668, na binti huyu alikuwa tayari na miaka minane ya kuangalia mayai yakianguliwa. Hakuandika nadharia. Alichora.

Kabla yake, Mholanzi Johannes Goedaert alikwisha kuchapisha michoro ya viwavi, pupa na wadudu wazima, na ni michoro safi. Lakini kurasa za Goedaert zina upweke fulani. Mdudu yuko juu, kiwavi yuko chini, baina yao ni weupe wa karatasi. Hakuna yai, hakuna jani. Merian aliwaweka wadudu wake juu ya mmea wanaoula, na mmea wenyewe akauchora ukiwa umeliwa: kingo zilizomegwa, matundu, ncha iliyonyauka. Kitabu chake cha kwanza cha viwavi, kilichotoka Nuremberg mwaka 1679 na mabamba 50, kinataja kwenye jina lake mambo mawili sawia, kugeuka kwa viwavi na chakula chao cha ajabu cha maua. Sehemu ya pili, na mabamba mengine 50, ilifuata 1683.

Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wake ulipolala, kwenye jani lililotoboka. Bawa zuri huweza kuchorwa na yeyote mwenye mkono mtulivu na kielelezo kilichokufa mezani. Jani lililoliwa mahali panapostahili huchorwa tu na aliyemlisha mdudu. Viwavi wengi ni wateuzi kupita kiasi: mpe jani la mti wa jirani na atakaa juu yake afe kwa njaa. Kujua jani ni nusu ya elimu yote ya kipepeo, na wafugaji wa Gede wanalijua hilo bila kusomewa. Huko, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 huwawezesha wakulima kufuga viwavi na kuuza pupa zinazosafirishwa kwenda nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na kwingineko. Bila miti ya chakula cha viwavi, mfugaji wa Gede hana pupa ya kuuza.

Tuje kwenye rangi. Merian alifanyia kazi vipande vidogo vya ngozi ya ndama iliyokwanguliwa ikawa nyembamba na kupakwa weupe. Ngozi haifyonzi maji kama karatasi. Rangi hukaa juu, na brashi iliyolowa sana ikipita mara ya pili huibandua ile ya kwanza. Basi mchoraji hulazimika kwenda kwa viboko vifupi, vikavu, nukta juu ya nukta, akianza na rangi nyepesi na kufunga na iliyokolea, na mahali pa mng'aro ama auache weupe wa chini au aongeze nukta nyeupe nzito mwishoni. Rangi zenyewe zilikuwa unga uliosagwa na kushikizwa kwa gundi ya miti ya jamii ya mgunga, gundi ile ile inayochumwa Sudan mpaka leo. Wekundu bora wa zama hizo, kwa kichekesho cha dunia, ulitoka kwa mdudu: kidudu kidogo cha Mexico kinachoishi juu ya mpungate, kikikaushwa na kusagwa. Mpaka wachora vipepeo walihitaji kuwaponda wadudu wengine.

Kiwavi mwenye manyoya ndiye mtihani. Ukichora mwili kwanza na unywele baadaye, nywele zinaelea kama zimebandikwa. Ukichora nywele kwanza, mwili unazimeza. Merian huanza na mwili wenye vivuli tayari, pete kwa pete, kisha kila shungi la nywele hutoka kwenye kinundu chake, jeusi chini, hafifu juu, na nywele chache huvuka mpaka wa mwili na kuingia hewani kwa mstari mmoja ambao brashi haikuinuliwa. Ukitazama nakala nzuri kwa kioo cha kukuzia unaona kwamba hazilingani urefu. Angeweza kuzifanya zilingane na hakuna ambaye angelalamika.

Pupa nayo ina hila zake. Zipo zenye madoa ya kung'aa kama dhahabu, na rangi za maji za kawaida hazina metali. Mchoraji anajenga mng'aro huo kwa kuweka manjano iliyofifia kando ya kahawia nzito sana, na kuliachia jicho limalizie. Bawa la buluu la wale vipepeo wakubwa wa misitu ya Amerika ya Kusini linashinda hata hila hiyo, kwa sababu buluu ile si rangi. Ni umbo la magamba madogo mno yanayorudisha mwanga, ndiyo maana hubadilika ukigeuza kichwa. Merian aliwachora wawili wao juu ya tawi la komamanga, mmoja amefungua mabawa na mwingine ameyafunga yaonyeshe upande wa chini wa kahawia wenye macho. Buluu yake ni nzuri, na haitoshi. Naona alijua, kwa kuwa upande wa kahawia ameufanyia kazi kwa bidii zaidi.

Vipande hivyo vya ngozi alivitunza maisha yake yote katika kitabu kimoja cha kazi, kila kimoja kwenye fremu ya karatasi ya buluu, na maelezo yake yenye namba inayolingana. Hapo hamna tawi wala maua. Kuna kiwavi, pupa, mdudu, na tarehe za kula, kujifunga, kutoka. Kila alipotaka kutengeneza ukurasa wa kuuza, aliwatoa wadudu humo na kuwapanga upya juu ya mmea. Kitabu hicho kiko Saint Petersburg, maana kazi zake nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya Tsar Peter Mkuu mwaka aliofariki, 1717, na binti yake mdogo Dorothea Maria akahamia huko na mumewe mchoraji, Georg Gsell.

Kuna kurasa ambazo mambo hayakwenda. Kiwavi anafugwa vizuri, anajifunga, siku zinapita, na badala ya kipepeo wanatoka nzi au nyigu wadogo. Leo tunajua nyigu hao hutaga ndani ya kiwavi na watoto wao humla akiwa hai. Merian hakuwa na maelezo hayo. Wengine wangeutupa ukurasa, kwa kuwa unaharibu hadithi. Yeye aliwachora waliotoka, kwa uangalifu ule ule, pembeni ya kiwavi aliyewalea bila kujua. Mstari wa tarehe, kisha nyigu. Sijui kama kuna heshima kubwa zaidi kwa jambo usilolielewa.

Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, ameachana na mumewe, alipanda meli Amsterdam na Dorothea Maria kwenda Suriname, koloni ya Waholanzi ya mashamba ya miwa. Hakutumwa na mfalme wala chama. Nauli ilitoka kwa kuuza michoro yake. Walowezi walimcheka kwa kutafuta kitu kisicho sukari. Alikaa mpaka 1701, maradhi yakamrudisha, na mwaka 1705 kikatoka kitabu cha mabamba 60 makubwa, Metamorphosis Insectorum Surinamensium, kwa Kilatini na kwa Kiholanzi. Msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa jinsi mimea mingi humo isivyo migeni kwake: nanasi, muhogo, ndizi, papai, mpera.

Katika kitabu hicho anasema wazi kwamba watumwa walimtangulia msituni na mashoka kumfungulia njia, na kwamba wenyeji na Waafrika walimletea viwavi na kumweleza mimea. Hakuandika majina yao. Kwenye ukurasa wa ua moja jekundu na manjano, ambalo leo hupandwa hata bustani za Pwani yetu, alieleza kuwa wanawake watumwa waliitumia mbegu yake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na kwamba walimwambia hivyo wao wenyewe. Mabwana wa mashamba hawakuwa na sababu ya kumwambia mgeni jambo hilo. Kuna mtu alilisema, na aliyelisikia akaliandika chini ya picha ya kiwavi.

Siwezi kumsifu kwa kumfanya asikosee. Kwenye bamba moja la Suriname kuna mdudu mwenye mwili wa nyenje na kichwa cha mdudu mwingine kabisa, kiumbe ambacho hakijapata kuruka. Baadhi ya viwavi wamewekwa na nondo wasio wao. Bamba lake mashuhuri la buibui mkubwa anayemla ndege mdogo juu ya mpera lilimletea kejeli zaidi ya karne moja baada ya kufa, wanaume wenye elimu wakasema ni uzushi wa mwanamke, hadi mtafiti wa viumbe Henry Walter Bates aliporudi kutoka Amazon na kuandika mwaka 1863 kwamba yeye mwenyewe ameona buibui wa namna hiyo na ndege wake. Waliokejeli walichagua kosa ambalo halikuwa kosa.

Jambo moja la uchapaji linanifurahisha sana. Bamba la shaba likichapwa, mstari wake ni mweusi na mkali, na hupigana na rangi ya maji. Merian aliuza pia nakala za namna nyingine: karatasi iliyotoka kwenye mashine, wino ukiwa bado mbichi, iligandamizwa juu ya karatasi safi. Ile ya pili ilipokea mistari hafifu ya kijivu, iliyogeuka kushoto kulia, bila alama ya ukingo wa bamba. Ikishapakwa rangi, mistari hupotea chini yake na unadhani unatazama mchoro wa mkono mtupu. Alikuwa mfanyabiashara hodari pia, na hilo silioni likimpunguzia kitu.

Miaka zaidi ya 140 baadaye, upande wa pili wa dunia, ndugu wawili walishika kazi hiyo hiyo. Harriet Scott alizaliwa mwaka 1830 na Helena 1832, Sydney, na mwaka 1846 familia ilihamia kisiwa cha Ash kwenye mto Hunter, New South Wales. Baba yao, Alexander Walker Scott, alikuwa mtafiti wa wadudu, mabinti wakachora. Kitabu chake cha nondo na vipepeo wa Australia kilitoka London mwaka 1864, na ukurasa wake wa jina unakiri kwamba picha zimechorwa na mabinti hao kutoka kwa viumbe hai. Wengi humo ni nondo, wale wanene wenye manyoya ambao viwavi wao huishi ndani ya mashina ya miti au juu ya mikalitusi. Ukilinganisha na Merian unaona lenzi imeboreka: magamba ya bawa yanahesabika, uvungu wa shina umekatwa ili kiwavi aonekane kwenye handaki lake. Lakini wanachofanya na jani ni kile kile. Limeliwa.

Mchapo wa mawe wa kitabu hicho haukuweza kubeba yote. Michoro asilia ya rangi za maji iko Makumbusho ya Australia, Sydney, na kati ya hiyo na kurasa za kitabu kuna pengo ambalo kila aliyechora kwa ajili ya mchapishaji analijua: kijivu cha nondo kwenye karatasi ya Helena kina waridi na kijani ndani yake, na kwenye nakala ni kijivu. Mwaka 1866 baba akafilisika, mama akafa, kisiwa kikawatoka. Helena alikuwa amefiwa na mumewe mwaka huo huo. Kile kilichokuwa elimu ya nyumbani kikawa kibarua: michoro ya nyoka na ya wanyama kwa vitabu vya mtaalamu wa wanyama Gerard Krefft, kadi za Krismasi zenye maua ya Australia. Kazi hizo ni safi, hazina uvivu wowote, ila huwezi kumfuga kiwavi miezi minne kwa malipo ya kadi.

Mtu wa mwisho ninayemweka kwenye safu hii ni Margaret Fountaine, binti wa kasisi wa Norfolk, Uingereza, aliyezaliwa 1862 na kufia Trinidad mwaka 1940, akiwa bado anakimbiza vipepeo. Alizunguka dunia kwa miongo kadhaa, miaka mingi akifuatana na Khalil Neimy, Msyria aliyekutana naye Damascus. Kwa kuwa alitaka mabawa yasiyo na mkwaruzo hata mmoja, hakuridhika na wavu. Alitafuta mayai na kufuga. Na kwa kuwa alijua atabaki na bawa tu, alimchora kila kiwavi na kila pupa kwa rangi za maji kabla hajageuka.

Mkusanyiko wake wa vipepeo karibu 22,000 aliuachia makumbusho ya Norwich, pamoja na sanduku la shajara lenye amri kwamba lisifunguliwe kabla ya tarehe 15 Aprili 1978. Likafunguliwa, shajara zikatoa kitabu kilichouzika vizuri mwaka 1980, na watu wakapata habari ya mapenzi yake na Khalil, ambayo ndiyo wanayoijua hadi leo. Madaftari manne ya viwavi yako kwingine, Makumbusho ya Historia ya Asili, London. Hayana mapenzi ndani yake, ni mdudu, jani, mahali na maelezo ya chakula. Mimi ningeanza na hayo, na shajara zisubiri.